Kwa nini moto wa Pentagon haukuzimika upesi

Umeuliza inakuwaje moto wa Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi ya Marekani, ulioanza Septemba 11, 2001 baada ya ndege iliyotekwa kuligonga jengo hilo, uendelee hadi siku ya pili ilhali jengo lenyewe ni la zege. Shida kubwa ilikuwa paa. Chini ya vigae vya mawe kulikuwa na mbao, na moto ulipopenya humo ukawa unatambaa mahali ambapo maji hayafiki. Wazima moto walipanda juu na kuchimba mifereji kwenye paa ili kuukatia njia. Ni kazi ya kuvunja mgongo.

Kingine ni hofu ya ndege nyingine. Zaidi ya mara moja wanaume na wanawake wale waliamriwa watoke mbio, wakaacha mipira ya maji chini, kisha wakarudi kuanza upya huku moto ukiwa umejitwalia nafasi. Ndege ilikuwa imegonga saa 3:37 asubuhi, na kabla saa moja haijapita sehemu ya jengo ikaporomoka. Kwa bahati waokoaji walikuwa wameshaondolewa hapo.

Zimamoto wa Arlington, kaunti lilipo jengo hilo, ndio walioongoza uokoaji kwa siku kumi. Ila mimi huwakumbuka zaidi wale wazima moto watatu wa kambi ya jeshi ya Fort Myer waliokuwa kwenye uwanja wa helikopta pale pale. Gari lao liliungua, nao wakaumia, lakini walikwenda madirishani kuwatoa watu. Watu 184 waliuawa siku hiyo pale, bila kuwahesabu watekaji. Bila wale watatu na wenzao, wangekuwa wengi zaidi.