Umepimwa homoni siku gani?

SWALI: Daktari, salamu kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi. Nina miaka 32, nimeolewa miaka miwili sasa, na tumetafuta mtoto kwa miezi 14 bila mafanikio. Hedhi yangu huja kila baada ya siku 34 au 35 na haijawahi kuniruka. Programu ya simu inasema siku zangu za kushika mimba ni ya 12 hadi ya 16 tangu hedhi ianze, na hizo ndizo tumekuwa tukifuata. Mwezi uliopita rafiki alinipeleka kliniki fulani katikati ya mji, nikapimwa "homoni zote" siku ya 21 ya mzunguko. Majibu yalikuwa FSH 5.2, LH 9, progesteroni 0.6, prolaktini 31 na AMH 1.1. Nikaambiwa homoni zimevurugika, sitoi mayai, na mayai niliyobaki nayo ni ya mwanamke wa miaka 45. Wanataka shilingi 24,000 za dawa ya miti shamba ya kusawazisha homoni kwa miezi mitatu, na ikikataa niende IVF, ile ya kutungisha mimba maabara. Sina ugonjwa mwingine ila asidi ya tumbo, ambayo nanunulia vidonge kwa kemisti, na huwa nameza vidonge vya kukuza nywele. Mama mkwe ameanza kuuliza maswali. Je, nianze dawa hiyo? Na AMH inaweza kupandishwa?

JIBU: Dada yangu, usinunue dawa hiyo. Na kabla ya kitu kingine chochote, ondoa moyoni yale maneno ya miaka 45. Hakuna namba hata moja kwenye karatasi yako inayosema hivyo.

Haipiti wiki bila mama kuketi mbele yangu akaniambia "homoni zangu zimevurugika", kana kwamba hilo ni jina la ugonjwa. Mimi huuliza: homoni ipi, na ilipimwa siku gani? Swali la kwanza wengi hulijibu. La pili hawawezi, kwa sababu aliyewatoa damu hakuwauliza. Homoni za mwanamke mwenye afya hazikai mahali pamoja. Hupanda na kushuka wiki baada ya wiki, na kupanda na kushuka huko ndiko kunakolikuza yai, kulitoa, na kuandaa kizazi. Namba isiyo na siku kando yake haiwezi kusomwa, hata na mimi.

Tuchukue progesteroni yako. Homoni hii hutengenezwa kwa wingi na kile kifuko kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka, kwa hiyo tunaipima ili kujua kama yai limetoka. Desturi ya kuipima siku ya 21 ilitokana na mwanamke wa mzunguko wa siku 28, ambaye yai lake hutoka karibu siku ya 14. Wewe huna mzunguko wa siku 28. Kipindi cha kutoka yai hadi hedhi inayofuata kwa wanawake wengi huwa karibu siku 14, na kinachorefuka ni kile cha kwanza. Toa 14 kwenye 35: yai lako linatarajiwa karibu siku ya 21, siku ileile waliyokuchoma sindano. Walitafuta ushahidi wa yai kutoka kabla yai halijatoka, wakaukosa, wakakuandikia kwamba hutoi mayai. Progesteroni ya 0.6 siku hiyo ndiyo niliyoitarajia. Siku yako ya kupima ni kama ya 27 au 28, yaani wiki moja kabla ya hedhi unayoingoja, na hapo ikipita 3 kwa kipimo cha ng/ml, yai limetoka. Tena hedhi inayokuja kwa mpango kama yako ni dalili nzuri ya kutosha kwamba mayai yanatoka. Mwanamke anayenitia wasiwasi ni yule ambaye hedhi hupotea miezi mitatu, au anayetokwa na jasho la ghafla usiku akiwa na miaka 35.

FSH, homoni inayolikuza yai, na LH, inayolitoa, ni vilevile. FSH husomwa siku ya 2 hadi ya 4, ukihesabu moja siku damu inapotoka vizuri, matone ya kwanza hayahesabiwi. Nayo hupimwa pamoja na estradioli, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari, kwa sababu estradioli ikiwa juu huishusha FSH na kuifanya ionekane nzuri. Hizo mbili zako za siku ya 21 ziweke kando kabisa. LH hiyo inaweza kuwa ndiyo kwanza inapanda kulitoa yai.

Na hapo hapo kuna jambo ambalo halihitaji hata shilingi. Yai likishatoka huishi chini ya siku moja. Mbegu za mwanamume zaweza kuishi ndani yako hadi siku tano. Kwa hiyo siku zenu ni kuanzia kama ya 16 hadi ya 21, na nyinyi mmekuwa mkimaliza siku ya 16. Mwezi baada ya mwezi mmekuwa mkiondoka steji kabla matatu haijafika. Achaneni na programu hiyo. Kutaneni kila baada ya siku mbili au tatu kuanzia hedhi inapoisha, na msihesabu kitu.

Sasa AMH, homoni iliyoliza wanawake wengi jijini hapa kuliko nyingine ninayoijua. Hutoka kwenye vifuko vidogo vya mayai vilivyo ndani ya ovari, na kwa kuwa haibadilikibadiliki sana, inaweza kupimwa siku yoyote. Hiyo ya 1.1 basi naikubali. Iko chini kidogo kwa umri wako. Lakini inasema nini?

Wewe ni mkaaji wa Umoja, unajua shida ya maji. Panda juu ya paa uchungulie tangi: utajua maji yamebaki kiasi gani, na labda ukisie yatadumu siku ngapi. Kwa kuchungulia hivyo hutajua kama maji ni masafi, wala kama bomba la jikoni limeziba. AMH ni kina cha tangi. Ubora wa mayai hufuata umri, na umri wako ni miaka 32, siyo 45. Kila mwezi mwili wako hutoa yai moja, mara chache mawili, na yai hilo moja halijui wenzake waliobaki ni wangapi. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa wanawake 750 wa Marekani, wa miaka 30 hadi 44, waliokuwa wakianza kutafuta mimba na wasio na historia ya ugumba. Wale ambao AMH yao ilikuwa chini ya 0.7 hawakuwa na nafasi ndogo ya kushika mimba ndani ya mizunguko 6 au 12 kuliko wenzao. Miaka miwili baadaye, chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, kiliwashauri madaktari wasiitumie AMH kumtabiria uzazi mwanamke ambaye hajaonekana kuwa na ugumba. Wewe umeshapita mwaka mmoja, kwa hiyo siwezi kukuvisha matokeo ya wale 750 yote jinsi yalivyo. Lakini maana ya kipimo ni ileile: hutusaidia kukisia ni mayai mangapi yataitikia sindano za IVF. Na IVF ni mamia ya maelfu ya shilingi, haiagizwi na mtu aliyesoma karatasi moja.

Kupandishwa? Hapana. Msichana huzaliwa na mayai yake yote, milioni moja hadi mbili, na akivunja ungo yamebaki laki chache. Hakuna mzizi, matone wala sindano inayoongeza hata moja. Mama mmoja aliniletea karatasi mbili akiwa na furaha kubwa: kabla ya dawa AMH 0.9, baada ya miezi mitatu 6.4. Nikamwonyesha herufi ndogo kando ya namba. Ya kwanza ilipimwa kwa ng/ml, ya pili kwa pmol/L, na ng/ml moja ni sawa na pmol/L 7.14. Zidisha 0.9 kwa 7.14 uone. Haikuwa imesogea hata kidogo, na kwa matumaini ya namba hiyo alikuwa ameacha kutafuta tiba kwingine karibu mwaka mzima, akiwa na miaka 38. Mwaka mmoja wa miaka 38 siwezi kumrudishia mtu.

Prolaktini, homoni ya maziwa ya mama, ya 31 ni juu kidogo tu ya kawaida. Soma pakiti ya vidonge vyako vya asidi. Baadhi ya vinavyouzwa vimechanganywa na domperidoni, dawa ya kichefuchefu, na domperidoni hupandisha prolaktini. Hata kupanda ngazi mbio, kuhangaika, au kuchomwa dakika chache baada ya kuamka huipandisha. Muulize daktari akubadilishie dawa hiyo, kisha rudia kipimo asubuhi, saa kadhaa baada ya kuamka, ukiwa umeketi na kutulia kwanza. Pamoja nacho pima TSH, maana tezi ya thairoidi ikilegea nayo huipandisha prolaktini. (Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili nazo huipandisha, lakini anayezitumia asiziache mwenyewe kwa sababu ya aya hii. Aje tuzungumze.) Na vidonge vingi vya nywele vina biotini, aina ya vitamini ambayo huchanganya mashine nyingi za maabara, namba nyingine zikapanda kwa uongo na nyingine zikashuka. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2017. Viache siku tatu kabla ya kutolewa damu.

Hebu nikuulize mimi sasa. Mume wako amepimwa? Umeandika mistari mingi na hayumo hata mmoja, ila mama yake yumo. Karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, mwanamume ana sehemu yake. Kipimo cha shahawa ni nafuu kuliko hiyo orodha uliyolipia: akae siku mbili hadi saba bila kumwaga, apeleke sampuli, basi. Na mirija yako? Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti katika mabara kadhaa, matokeo yakachapishwa mwaka 1985, na yakaonyesha kwamba ugumba unaotokana na maambukizi yaliyoharibu mirija ulikuwa mwingi zaidi Afrika kuliko kwingine. Klamidia, ugonjwa wa zinaa, yaweza kuziba mirija na mwenyewe asihisi hata maumivu. Homoni zaweza kuwa safi kabisa na mirija yote miwili imefungwa, wala hakuna kipimo cha damu cha homoni kitakachokuonyesha. Picha ya mirija, HSG, hupigwa siku chache baada ya hedhi kwisha. Anza na mume, kisha picha hiyo. Orodha yako ya homoni nisingeiagiza yote tangu mwanzo.

Ninachokiona mjini kinanikasirisha, na sitaficha. Mabango kwenye nguzo za stima yanaahidi kusafisha kizazi na kusawazisha homoni. Kuna vibanda ambapo mama anapewa fimbo ya chuma aishike kiganjani, kompyuta inatoa kurasa ishirini za "ripoti ya mwili mzima", homoni zikiwemo. Homoni ziko ndani ya damu. Anayekushikisha chuma tu hajapima homoni, hata awe amevaa koti jeupe. Wanauza klomifeni, dawa ya kuchochea mayai, bila kumpiga mtu picha ya ovari, na wapo waliofika kwetu tumbo limejaa maji na ovari zimevimba. Wanawapima waliochoma Depo, sindano ya kupanga uzazi, miezi minne iliyopita na kuwaambia wamekuwa wagumba, wakati baada ya sindano ya mwisho ya Depo kuchukua miezi tisa au kumi kurudi kushika mimba ni jambo la kawaida. Wengine hupimwa wakiwa bado wanameza tembe za kupanga uzazi, ambazo huzilaza homoni hizo makusudi. Kila anayeingia hutoka na jibu lilelile na chupa ileile. Jiulize kwa nini hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba homoni zake ziko sawa.

Daktari unaweza kumtafuta kwenye rejista ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, na maabara inapaswa kuwa na leseni ya KMLTTB, bodi ya wataalamu wa maabara, iliyobandikwa unapoweza kuiona. Fomu ya maabara nayo iandikwe tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako, urefu wa mzunguko wako na dawa unazomeza. Kama umefika kwenye kiti cha kutolewa damu, mkono umeshafungwa mpira, na bado hakuna aliyekuuliza hedhi yako ilianza lini, mwambie aufungue mpira.