Vidonge vya kuongeza HSP kwa mama mwenye Parkinson

Pole sana, dada. Umeuliza kama vidonge hivyo vya kuongeza HSP (protini zinazosaidia protini nyingine za seli zikunjike vizuri) vitamfaa mama, ambaye pia aliwahi kuugua saratani ya matiti. Usimpe kwanza. Ni kweli kwamba kwenye ubongo HSP70 husaidia kuzuia alfa-sinukleini, protini inayorundikana kwenye Parkinson, isigandamane. Lakini HSP90, protini saidizi mwenzake, huikinga HER2, protini inayochochea baadhi ya saratani za matiti, isivunjwe ndani ya seli za saratani, kwa hiyo watafiti wa saratani wanatafuta kuizuia HSP90, si kuiongeza. Dawa ya pimitespib, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2022 kwa uvimbe wa GIST (aina ya saratani ya tumbo na utumbo), huizuia. Nayo huweza kusababisha kuhara na kudhuru macho. Mpelekee daktari wake wa saratani chupa yenyewe asome viambato. Na levodopa, dawa ya Parkinson, asiiache ghafla: anaweza kukakamaa na kupata homa kali, hapo ni hospitali mara moja.