Kumwagia shoyu wali mweupe Japani

Ndugu, umeuliza kama ni kosa kumwagia shoyu, ile sosi ya soya yenye chumvi, wali mweupe ukiwa Japani. Hakuna atakayekufukuza mezani, lakini ndiyo, huonekana si ustaarabu, hasa ukiwa mgeni nyumbani kwa mtu. Wali wao, gohan, hupikwa makusudi bila chumvi wala mafuta, na neno hilohilo lina maana ya mlo; basi pima mwenyewe uzito wake. Ule utamu wa punje ndio wanaotaka uusikie. Chumvi itoke kwenye kitoweo, wanachokiita okazu: samaki wa kuchoma, achari za mboga, na supu ya miso, yaani ya soya iliyochachushwa, pembeni. Unaonja kitoweo, unarudi kwenye wali, hivyo hivyo hadi bakuli liishe.

Halafu wali ule hushikana. Ukiulowesha shoyu unaachana, na kuuokota kwa vijiti inakuwa taabu.

Ukitaka ladha, omba furikake, ule mchanganyiko mkavu wa ufuta, mwani na samaki unaonyunyizwa juu, au umeboshi, tunda chachu lililokaushwa kwa chumvi. Hapo huna kosa kabisa. Na shoyu nayo ina mahali pake: wali wa moto uliovunjiwa yai bichi, tamago kake gohan, Wajapani wenyewe huutia shoyu.

Kitu cha kuogopa kweli ni kusimamisha vijiti wima ndani ya wali. Hivyo ndivyo wanavyomwandalia marehemu bakuli lake kwenye msiba.