Binamu wasubiri, anza na mandubu

Ndugu yangu, umesema unafungua ofisi ya kusafirisha mizigo Deira, Dubai, na unataka kuanza na binamu zako wawili kutoka Dar. Mimi ningewaambia wasubiri kwanza.

Mtu wa kwanza unayemhitaji ni mandubu, yule anayeshughulikia leseni, viza na vitambulisho kwenye ofisi za serikali. Si lazima umwajiri, wengi hulipwa kwa kazi. Mwombe orodha ya ada zote kwa maandishi, na risiti ya kila malipo ya serikali uione kwa macho yako. Akianza kuzungukazunguka hapo, tafuta mwingine.

Halafu mhasibu, hata wa saa chache kwa mwezi. Mauzo yakivuka dirhamu 375,000 kwa mwaka, kujisajili VAT ni lazima, na tangu 2023 faida inayozidi kiasi hicho hicho inatozwa kodi ya asilimia 9.

Kaunta mpe mtu anayeongea Kiswahili na wateja, na Kihindi au Kiurdu na watu wa maghala. Wapo hapo hapo Deira. Mpe mkataba wenye kipindi cha majaribio, sheria inaruhusu hadi miezi 6.

Binamu wakija baadaye, gharama za viza ni zako, usiwakate mshahara. Kazi na malipo yao myaseme mapema, wazazi wao wakisikia, kabla tiketi haijakatwa. Ukimwachisha ndugu kazi ugenini, bado atalala kwako.