Vinia mbili, rangi mbili: kosa ni la simenti?

SWALI: Daktari, niliwekewa vinia za kauri (maganda membamba yanayogandishwa mbele ya jino) kwenye meno mawili ya mbele. Jino moja liliwahi kutibiwa mzizi na lilikuwa limeingia weusi. Wakati wa kujaribisha yalifanana kabisa, lakini baada ya kugandishwa lile la mzizi limekuwa la kijivujivu. Fundi wa maabara anailaumu simenti. Ni kweli? – Msomaji, Jinja

JIBU: Kwa sehemu ndogo tu. Vinia nyingi zina unene wa milimita 0.3 hadi 0.7, kwa hiyo mwanga hupenya kauri, hupita kwenye simenti na kufika kwenye jino kabla ya kurudi machoni. Unachokiona ni mchanganyiko wa rangi za vyote vitatu. Tabaka la simenti halizidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita: linaweza kuisogeza rangi kidogo, lakini halina uwezo wa kufunika jino jeusi. Kauri ikifika milimita 1.5 au zaidi, rangi ya simenti huwa haionekani sana, na krauni (kofia inayofunika jino lote) yenye chuma ndani haiathiriki kabisa, labda ukingoni.

Nashuku mlijaribisha vinia ikiwa kavu. Hewa iliyobaki kati ya kauri na jino huurudisha mwanga mapema, na weusi hujificha. Simenti ikishaijaza nafasi hiyo, mwanga unafika hadi chini na weusi unajitokeza. Isitoshe, jino lililokaa wazi likakauka huwa jeupe kuliko kawaida yake, basi hata kulinganisha kunapotoka.

Simenti iliyogandishwa haibadilishwi. Vinia itachongwa itolewe, jino lifanywe jeupe kwa dawa kutoka ndani, kisha msubiri wiki 2 hivi kabla ya kugandisha nyingine, kwa sababu oksijeni ya dawa hiyo inayobaki kwenye jino hudhoofisha mshiko. Simenti nyeupe nzito husaidia kidogo, ila ukiitegemea peke yake jino hufanana na ukuta uliopakwa chokaa. Safari hii maabara ipewe pia rangi ya jino lililochongwa, si rangi mnayoitaka tu. Fundi asipojua kilicho chini hawezi kuchagua kauri isiyopenya mwanga sana.

SWALI: Kwa vinia nitumie simenti ipi, na nijaribishe vipi? – Tabibu wa meno, Mbarara

JIBU: Ile inayoganda kwa taa pekee. Nyingi zinazoganda pia kwa kemikali zina amini (kemikali za kuanzisha ugandaji) ambazo huwa za manjano kadiri miaka inavyopita. Zihifadhi kwa krauni nene ambako mwanga haufiki. Umeme ukikatika sana kwenu, nunua taa ya betri na uipime nguvu yake mara kwa mara, maana simenti isiyoiva vizuri nayo hubadilika rangi.

Chagua rangi mwanzoni, jino likiwa na unyevu, karibu na dirisha. Jaribisha kwa pesti ya majaribio (yenye rangi ya simenti lakini isiyoganda) ya kampuni ileile ya simenti, kwani namba za rangi hazilingani kati ya kampuni. Mgonjwa akiridhika, osha pesti yote. Kwa kauri ya lithiamu disiliketi, weka asidi ya haidrofloriki ya asilimia 5 kwa sekunde 20, suuza, kausha, kisha sileni (kemikali inayounganisha kauri na simenti) kwa sekunde 60. Asidi hiyo isiguse ngozi wala ufizi.