Laptopu imegoma kuwaka? Usikubali ipigwe Windows kabla hujajua inaumwa nini

Ilikuwa Januari, msimu wa fomu za shule, na foleni dukani kwangu ilikuwa imeshafika barazani. Nikabonyeza kitufe cha laptopu. Taa ya pembeni ikawaka, feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi tii. Humo ndani mlikuwa na kazi za wateja za miaka 3, na utafiti wa binti mmoja wa chuo aliyetakiwa kuukabidhi Ijumaa ile ile.

Fundi wa kwanza hakuifungua hata. Aliibonyeza mara mbili, akasema, "Dada, bodi imeungua," akataja laki mbili na nusu. Wa pili alitaka kuipiga Windows upya. Nilimwuliza mafaili yatabaki, akanijibu, "Tutaangalia." Nikaichukua laptopu yangu nikaondoka.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja anayetengeneza redio. "Mwanangu, ukiiwasha inalia?" Kweli ilikuwa inalia, tii, tii, tii, nami nikidhani ni chaja. Akaizima, akachomoa chaja na betri, akafungua kifuniko cha chini, akatoa kadi ya RAM, kumbukumbu ambayo mashine huitumia inapofanya kazi. Meno yake ya dhahabu yalikuwa yamefifia. Akayasugua taratibu kwa kifutio cha penseli, kifutio kikatoka na weusi, akapuliza, akairudisha mpaka ikabana pande zote mbili. Kioo kikawaka. Hapa Tanga upepo wa bahari una chumvi, na vyuma vidogo kama vile huingia kutu mapema.

Tangu siku hiyo, laptopu ikigoma ninaanza na kuitazama tu. Haiwaki hata taa? Hapo nashuku umeme. Jaribu soketi nyingine na chaja ya mtu mwingine, lakini volti zake zilingane na zilizoandikwa kwenye yako. Nyingi ni 19 au 19.5. Kisha chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki kwenye bodi uishe, halafu rudisha chaja peke yake. Mashine nyingi zilizozimika umeme ulipokatika ghafla nimeziona zikiamka hivyo. Ila ukikuta betri imevimba, usiibonyeze wala usiitoboe. Inaweza kushika moto.

Taa inawaka na kioo ni cheusi? Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, mara nyingi mashine ni nzima na kinachoumwa ni kioo. Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa ubavu; ukiona maandishi hafifu, kilichokufa ni mwanga wa kioo. Au iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Caps Lock isipoitika kabisa, rudi kwenye RAM.

Inafika kwenye nembo ya Windows kisha inakwama? Hapa ndipo watu wanapopoteza mali, maana kuipiga Windows upya kunaweza kufuta kila kitu. Mwambie fundi atoe diski kwanza, aitie kwenye kava la USB, anakili mafaili yako kwenye kompyuta nyingine ukiwa umekaa hapo hapo. Diski ikigonga tak tak, usiiwashe tena na tena. Na ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Kwa wengi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft waliyofungulia mashine. Uandike kwenye daftari leo, laptopu ikiwa bado nzima.

Binti alikuja Alhamisi jioni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikamfungulia faili lake, akalishusha mpaka ukurasa wa mwisho, akaniomba nichape nakala mbili.