Maswali kwa Bibi wa Pwani: Mjukuu wangu hajawahi kuona bahari

Bibi wa Pwani, salaam. Nina miaka 64, ni fundi cherehani hapa Kihonda, Morogoro. Naishi na mjukuu wangu wa kiume, yuko darasa la kwanza. Bahari ameiona kwenye televisheni tu, na juzi kaniuliza nani aliyeitia chumvi, nikakosa jibu. Nimemwahidi kwamba likizo hii tunakwenda Dar es Salaam kwa treni ya SGR, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Bibi yake naye kasema habaki nyumbani, ingawa magoti yanamsumbua. Shida yangu ni kwamba sijui kuogelea hata kidogo. Je, mtu kama mimi anaweza kumwangalia mtoto majini? Na twende siku gani, tuelekee wapi?
*Babu, Kihonda*

Babu wa Kihonda, nimeisoma barua yako mara mbili, na ya pili nilimsomea mume wangu kwa sauti. Nianze na hilo la kuogelea, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Unaweza, ila sharti uingie majini mwenyewe. Wazee wengi hukaa mkekani, wakamchunga mtoto kwa macho na kumwita kwa sauti. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo umo majini, pumzi ya kuita hana, na ukiwa mbali utadhani anacheza. Basi kunja suruali, simama wewe upande wa kina, yeye abaki kati yako na nchi kavu, asikuache zaidi ya urefu wa mkono wako. Maji yakikufika magotini, msiende mbele tena. Simu mwachie bibi yake. Vijana watakujia na maboya ya tairi la lori wakukodishie. Wakatalie kwa upole, kwa sababu boya litampeleka mtoto mahali ambapo wewe huwezi kumfuata.

Sasa siku. Watu wa mjini hupanga safari ya pwani kwa kalenda ya ukutani, Jumamosi au sikukuu. Sisi tuliozaliwa huku hutazama mwezi wa angani kwanza. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, siku mbili tatu zinazofuata maji huwa ya bamvua, yanajaa sana na kupwa sana. Hapa Dar, siku za bamvua, maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu: hayapwi mbali, wala hayajai kwa kishindo. Na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo aliyekwambia wiki iliyopita kuwa maji hujaa saa nane, leo maneno yake hayakufai.

Wewe chagua maji mafu. Kama una kalenda ya Kiislamu nyumbani, tafuta tarehe 8 mpaka 10, au 23 mpaka 25. Bamvua ina uzuri wake, sikatai, lakini iacheni mpaka safari ya pili au ya tatu. Nasema hivi kwa sababu yalinikuta.

Mjukuu wangu wa pili alikuwa na miaka mitano. Ilikuwa bamvua, saa nne asubuhi, maji yamekwenda zake mbali kabisa, nasi tukatembea mpaka kwenye fungu la mchanga. Kwenye kidimbwi tulikuta kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, chekundu, mikono mitano. Nilimwambia alaze kiganja chini ya maji, nikakiweka juu yake taratibu, tukangoja. Baada ya muda vile vijiguu vya chini, vyembamba kama nyuzi, vikaanza kumshika ngozi kimoja kimoja. Aliguta, kisha akacheka, akacheka mpaka nami nikakaa chini nikicheka naye. Tukakirudisha mahali pake, tukahamia kwenye kauri, kisha kwenye kaa, muda ukayoyoma.

Tulipoinua vichwa, maji yalikuwa nyuma yetu. Hili nataka ulishike sana, Babu. Mgeni hudhani bahari hurudi kwa mbele tu, kwamba ukiitazama utaiona ikija. Fungu liko juu; kati ya fungu na ufuko pana bonde, na maji huingia bondeni kwanza. Wala hayaji kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hunyemelea, ya tatu na ya nne hukimbia, na siku ya bamvua saa hizo ndizo za chakula cha mchana, wakati kila mtu ameshiba na kulegea. Nilimpandisha begani nikaingia bondeni. Maji yalinifika kifuani, khanga ikaelea, kapu letu likabaki kule funguni. Mimi huyo, niliyezaliwa Kigamboni na kufundishwa maji na mama yangu kabla sijajua kusoma! Mtoto hakulia. Alinishika nywele kwa mikono miwili, na ile mikono naisikia kichwani mpaka leo.

Tuje kwenye njia. Kata tiketi za kurudi siku unayokata za kwenda, treni haimsubiri mtu. Treni ilipoanza kubeba abiria, Juni 2024, nauli ya kawaida baina ya Morogoro na Dar ilikuwa shilingi 13,000, na mtoto wa umri wa mjukuu wako nusu yake. Mpe kiti cha dirishani, maana humo ndimo mtakamopata jibu la chumvi. Mtapita stesheni ya Ngerengere, kisha ya Ruvu. Mwambie hivi: mvua inaponyesha Uluguru, maji hulamba mawe na udongo na kuchukua chumvi kidogo sana, hata ulimi hauisikii. Yanaingia mto Morogoro, mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu inamwagika baharini karibu na Bagamoyo. Jua huvuta maji yakawa mawingu, chumvi haivutwi, inabaki. Mito yote ya dunia inafanya hivyo tangu zamani za zamani, na leo lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, kama vijiko sita vya chai. Kwa hiyo sehemu ya chumvi ile imetoka milimani kwenu. Akionja maji ya Kigamboni, aonje akijua hilo.

Naam, nimesema Kigamboni. Stesheni ya Dar iko katikati ya mji, bajaji mpaka Feri, penye kivuko, ni mwendo mfupi. Mngeweza kwenda Coco Beach, lakini mtoto wa bara apande pantoni kwanza! Nauli ya mtu kwa mguu ni shilingi 200, na kwa hela hiyo anavuka mdomo wa bandari, akibahatika aone meli kubwa ikiingia, ndefu kuliko mtaa wenu. Geti likifunguliwa watu hukimbia. Nyinyi msikimbie, kaeni pembeni, wapite, kisha mmwingize bibi yake polepole, mshike mtoto mkono. Ng'ambo chukueni bajaji mpaka upande wa Mjimwema. Sehemu nyingi za ufukweni ni za hoteli na zina kiingilio, ulizeni bei kabla ya kukaa. Mwombeeni bibi kiti chenye mgongo, chini ya mti wa mvinje, maana mkeka utayaumiza yale magoti wakati wa kuinuka.

Vya kubeba si vingi. Mtoto avae raba kuukuu za kufunga kamba, ndala hutoka mguuni, na kwenye mawe kuna wale wadudu weusi wa miiba mirefu. Fulana ya mikono mirefu na kofia, hasa kuanzia saa tano mpaka saa tisa. Dumu la lita tano la maji baridi ya bombani, la kumsuuza chumvi kabla ya kuvaa nguo za treni, ama atajikuna njia nzima mpaka Morogoro. Akiguswa na konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha, msuuze kwa maji ya bahari, usimsugue kwa mchanga. Chakula nunueni huko huko: mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na dafu moja wagawane babu na mjukuu. Saa tisa mwanze kufungasha. Atalia kidogo, mwache alie.

Bibi wa Pwani, mjukuu wangu wa kike ana miaka mitatu. Tulimpeleka ufukweni, wimbi lilipomfika miguuni akapiga ukelele, tangu hapo hakutaka kushuka mgongoni kwangu. Baba yake anasema dawa ni kumtumbukiza mara moja, atazoea. Ni kweli?
*Bibi, Tandika*

Dada yangu wa Tandika, mwambie mwanao hapana, tena mwambie ni mimi niliyekataza.

Siku moja simama wewe mwenyewe peku pale wimbi linapokomea, ufumbe macho. Wimbi linaporudi, mchanga unatoka chini ya nyayo, unajihisi unazama na kuvutwa kwa pamoja. Kwa mtu wa miaka mitatu, dunia imeondoka chini ya miguu yake. Amepiga ukelele kwa haki. Mchimbieni shimo juu, mbali na mawimbi, upana wa beseni, mlijaze maji kwa kindoo, akae humo achafuke atakavyo. Safari nyingine shimo lisogee hatua chache chini.

Yule mjukuu wangu wa kule funguni alikataa maji kabisa baada ya siku ile. Nilimpeleka pwani mara tatu, mara zote alikaa chini ya mvinje akiyapa maji mgongo, akajenga nyumba kwa vile vitunda vyake vya miiba miiba. Sikumwambia neno. Nilikaa karibu naye nikimenya machungwa. Safari ya nne aliniomba kikombe cha chai. Akashuka nacho peke yake, nami nikanyanyuka nikamfuata hatua mbili nyuma, akachota pale maji yanapokomea, akageuka, akanimwagia miguuni. Akanitazama usoni kwanza. Kisha akarudi kuchota tena.